Vidole Vyangu na Muvure wa Ndizi

Shule niliishia darasa la tatu, ng'ombe wakanichukua, kwa hiyo nikisimulia napotea njiani kisha narudi. Nivumilie.

Hapa kwetu Kitahana, ukitaka pombe ya ndizi unazimenya, unazimwaga kwenye muvure, yaani lile gogo lililochongwa katikati kama hori la ng'ombe, unachanganya na majani makavu, halafu mtu anapanda kwa miguu anakanyaga mpaka juisi itoke. Mtu huyo ni mimi. Wazazi wangu walikuja na kazi hiyo kutoka Burundi. Mimi ni Mtanzania, kadi ya kura ninayo, lakini miguu ni ya marehemu baba: mipana, inashika chini. Kwenye harusi za huku wananiita mimi. Usiniulize kingine ninachokijua.

Basi mjukuu wangu akapata mchumba wa kijiji cha Muyama, wakwe wakatuma neno kwamba wanakuja. Pombe ya kuwapokea wakwe hukanyagwa na mzee wa nyumba, si mtu mwingine. Ndizi zikafukiwa shimoni ziive. Na mimi vidole vya miguu vinawasha.

Vilianza masika. Katikati ya vidole ngozi imekuwa nyeupe, imelowa, inanuka kama maharage yaliyosahauliwa sufuriani. Ukikuna unafumba macho kwa raha, ukiacha unafumba kwa moto. Chanzo tulikuja kukijua baadaye: buti la mpira. Tulikuwa na jozi moja, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Asubuhi analivaa yeye kwenda bondeni, jioni nalivaa mimi zizini. Lile buti halikuwahi kukauka. Lakini lilikuwa buti zuri, tulilinunua mwaka ule mbuzi wetu alipokula... hapana, hiyo ni habari nyingine.

"Shemeji, hiyo dawa yake maji ya betri," akaniambia.

Nikaweka. Sitasimulia sana. Niliruka uani mpaka jogoo akapanda juu ya jiko.

Halafu nikanunua tyubu gulioni, ile yenye picha ya dada mweupe, wanayojipakia wanawake wawe weupe. Muwasho ukalala. Nikasema nimepona! Kumbe ugonjwa ulikuwa unapumzika tu. Ulipoamka ulipanda mpaka kwenye kifundo, umejichora duara kama alama ya bilauri mezani, na ngozi imechubuka. Juu mimi Mwafrika, chini Mzungu.

Mke wangu akanikuta najikuna kwa gunzi la mahindi.

"Mzee, lete mguu."

"Upi?"

"Huo unaouficha."

Nikampa mzima. Akauweka pembeni, akavuta wa pili, akapanua vidole, akarudi nyuma.

"Imana yanje, Mungu wangu! Na huu ndio wa kuwakanyagia wakwe?"

"Pombe ikichacha inaua kila kitu, mama."

"Itaanza na wewe. Muvureni hupandi."

Usiku ule sikula. Mzee wa nyumba asipokanyaga, wakwe watasema nini? Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka hospitali, Kibondo mjini.

Tabibu alikuwa binti mdogo. "Babu, umepaka nini?"

Nikamtajia. Kufika kwenye betri akaweka kalamu chini.

"Ya gari au ya pikipiki?"

"Ya pikipiki."

"Afadhali," akasema, akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Akanikwangua ngozi kidogo kwa kiwembe, akaweka ule unga kwenye kioo na tone la dawa, akasubiri, akachungulia kwenye hadubini. Akaniita na mimi. Niliona nyuzinyuzi zimesambaa kama mizizi ya mgomba.

"Hiyo ndiyo fangasi, babu."

"Ina watoto?"

"Ina ukoo mzima."

Akanipa krimu ya kupaka asubuhi na jioni. Osha, kausha katikati ya vidole, paka. Muwasho ukiisha usiache, endelea kama ilivyoandikwa. Ile tyubu tupa, inatuliza muwasho huku inailea fangasi. Soksi chemsha, buti anika juani.

"Buti unavaa na nani?"

Shemeji nilimtaja palepale, bila hata kutishwa.

"Naye aje. Na usiazimane tena."

"Muvureni nitapanda lini?"

Akauliza muvure ni nini. Nikamweleza. Akaitazama miguu yangu upya.

"Babu," akasema, "hata ukipona, mimi hiyo pombe usiniletee."

Ndizi zikaiva, hazikungoja krimu. Siku ya kukamua namkuta shemeji amekunja suruali mpaka magotini. Muvure ule ameutamani miaka.

"Pumzika, shemeji. Kazi ina wenyewe."

"Vua soksi," mke wangu akamwambia.

"Dada, mimi mzima."

"Vua."

Akavua. Mke wangu akatazama vyake, akatazama vyangu. "Mapacha," akasema.

Kisha akafunga kitenge juu, akaosha miguu yake kwa sabuni, akapanda. Mwanamke kupanda muvure, kwetu ilikuwa haijaonekana. Hakuuliza mtu. Buti hajawahi kuvaa maishani, na vidole vyake ni vikavu kama karanga. Mimi na shemeji tulikaa kwenye benchi, miguu imepakwa, tumeielekeza juani kama samaki wa migebuka walioanikwa, tunamtazama anavyozungusha kisigino. Kile kisigino alifundishwa na nani? Mimi sikuwahi kumfundisha.

Wakwe walipokuja wakanywa, wakaomba tena. Mkwe mkubwa akasimama. "Mzee, iko wapi hiyo miguu, tuisalimie!"

Nikaisukuma yangu chini ya benchi.

"Ni hii hapa," akasema mke wangu, akanyoosha yake. Wakapiga makofi, na vigelegele juu. Mjukuu akaolewa.

Sasa nimepona. Kila jioni mke wangu anamulika vidole vyangu kwa tochi ya simu.

"Bado," anasema.

"Bado wapi? Nionyeshe!"

"Bado."

Jumamosi ameitwa yeye kwenye harusi ya jirani. Mimi nimepewa kumenya ndizi, na kumshika kiwiko anapopanda.