Vijembe kwenye Status ya Fundi

Kwa miaka mitatu nilitangaza kazi yangu ya ushonaji kwenye status ya WhatsApp, na muda huo wote niliamini kwamba najua biashara. Duka langu liko Mwihoko, chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili na kioo kirefu. Kila asubuhi nilipiga picha gauni nililomaliza jana yake, nikaandika "mzigo tayari, karibuni," nikaendelea na kazi.

Shida ni mdomo wangu. Mteja akiniudhi sikumjibu papo hapo, na nilijisifu kwa hilo, nikajiita mpole. Nilisubiri aondoke, kisha nikamwandikia kijembe palepale kwenye status, katikati ya picha za magauni, bila kumtaja. Na vijembe vilipendwa! Gauni lililonichukua wiki mbili lilipita kimya, lakini nikiandika "wengine wakijiona kwenye kioo wanamlaumu fundi," watu walinitumia vicheko mpaka jioni. Nikadhani hayo ndiyo matangazo.

Kati ya waliokuwa wakiitazama status yangu kulikuwa na mama mmoja aliyewahi kuwa jirani yangu kabla ya kuhamia Landless, kule Thika. Ni Mwislamu, mtu wa maneno machache, na hata baada ya kuhama hakubadilisha fundi. Kila mwaka kabla ya Idi alikuja na vitambaa vya wajukuu wake, na cha kwake kikiwa cha mwisho. Nikiweka picha, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya walioiona. Nilimpenda, sina haja ya kuficha.

Mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia, alinipigia simu kuniuliza kama ningeweza kumpunguzia upana wa madera mawili. Nikamwambia alete tu. Wiki hiyohiyo msichana mmoja aliyekuwa anaolewa alinirudishia gauni kwa mara ya tatu. Alipotoka tu, nikaandika: "Leo punguza, kesho ongeza. Kama mwili unakusumbua nenda hospitali, cherehani si daktari." Nikacheka peke yangu, nikarudi kukata kitambaa.

Yule mama hakuleta madera. Idi ikapita na vitambaa vya wajukuu sikuviona. Nikaanza kulitafuta jina lake kwenye ile orodha kila siku, halikuwepo. Kwanza nilikasirika. Nikajiambia amepata fundi wa Thika, na nikaanza kumtungia kijembe chake. Nilikuwa nimeandika nusu nilipokumbuka kwamba nilipojifungua, yeye ndiye aliyeniletea uji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Nikafuta. Kesho yake nikafunga duka, nikaenda Landless.

Alifungua mlango mwenyewe.

"Karibu, fundi," akasema. Siku zote alikuwa akiniita mwanangu.

Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Alipogeuka kuchukua chupa ya chai, leso ilimteleza begani, nikaona pini. Zilikuwa zimepangwa ubavuni mwa dera, huku na huku, kutoka kwapani hadi kiunoni, zikishikilia kitambaa kilichozidi.

"Mama, mbona hukuniletea hizo nguo?"

"Si ulisema niende hospitali? Huko ndiko nilikuwa."

"Haki ya Mungu, Mama, hiyo haikuwa yako."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya msichana mmoja wa harusi. Alikuwa amenisumbua."

"Na yeye aliisoma?"

"Sijui."

Akanimiminia chai polepole, akaisukuma kwangu. "Mimi niliisoma nikiwa kwa foleni ya daktari," akasema. "Nikafikiria, huyu akiniona vile nimekuwa, ataandika nini?"

Nililia, nikaomba msamaha, nikaomba tena. Aibu niliyoihisi siku ile bado ninayo. Yeye hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Alikunywa chai yake, akaniuliza mtoto amefika darasa gani.

Mwishowe nikamuuliza kama angekubali nimpime palepale, nichukue madera yake nikayapunguze. Tepe ilikuwa mkobani. Akautazama mkoba.

"Weka simu kwa meza," akasema. "Pale naiona."

Nikaitoa, nikaiweka. Akasimama, akachomoa pini moja baada ya nyingine, akainua mikono. Nikamzungushia tepe kifuani, halafu kiunoni, na kila mara ilinibidi niivute zaidi ya nilivyotarajia. Vipimo vya mama huyu nilikuwa navijua kwa kichwa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa sawa.