Nani Aliutoboa Ubao Kwanza

Enzi zetu, kutafuta jambo ilikuwa kazi ya miguu. Mama akitaka kujua kama mbegu ya maharage imefika dukani, au ni dawa gani inafaa kuku wanaosinzia, alituita akatutuma. Ulipiga hodi nyumba ya kwanza, ukasalimia wakubwa wote huku umepiga magoti, ndipo ukauliza. Wasipojua, walikuelekeza kwa anayeweza kujua, na kabla hujaondoka ulipewa kiazi cha moto ule njiani. Ulirudi na jibu umechoka, umeshiba, na unajua pia nani anaumwa na nani kanuniana na mkewe. Nikikunja uso, Mama alisema, "Kuuliza si ujinga," na safari ilikuwa pale pale.

Mwanangu leo akipotewa na soksi anatazama simu kwanza. Nikimwambia aende kwa jirani akaulize kama wameuona mbuzi wetu, ananitazama kana kwamba nimemtuma Zambia bila viatu. Simlaumu sana. Na mimi mshahara wangu unatokana na kutafuta nikiwa nimekaa.

Nilikulia kijiji cha Ruanda, kule Mbozi, na wenzangu wa rika langu watakumbuka baridi ya Juni ilivyotung'ata asubuhi tukienda shule na jembe begani na ndoo mkononi. Watakumbuka tulivyochuma kahawa huku tukinyonya tunda lililoiva, utamu kidogo, mbegu unaitemea kwenye kikapu, na mkubwa akikuona unaambiwa kahawa haipikwi na mate. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi na mifuko ya nailoni mpaka jua linazama, kisha nyumbani makande yanachemka na harufu yake imejaa mpaka kwenye sweta.

Lakini msimu niliouogopa ni wa kupukuchua mahindi. Mlioanza maisha na mashine ya kukodi hamtaelewa. Mahindi yalilundikwa uani kama kichuguu, na sisi tumelizunguka lundo tangu asubuhi, kidole gumba kinasukuma punje, kinasukuma punje, mpaka kinatoa lengelenge, lengelenge linapasuka, na bado lundo halijapungua. Watu wazima walitusimulia hadithi ili tusilie. Waliokuwa na haraka walipiga gunia kwa fimbo, lakini punje zilivunjika na wadudu walizipenda.

Kazi hiyo tuliifanya nyumba mbili pamoja, sisi na kina Baba Sara. Baba Sara alikuwa jirani yetu na rafiki wa Baba tangu wakiwa vijana, sisi tulimwita baba mdogo. Sara, binti yake, alikuwa rafiki yangu wa kulala na kuamka. Leo uani kwetu, kesho uani kwao, na chombo chochote kilicholetwa kwenye kazi hiyo, kiwe ungo au turubai, hakikuitwa changu wala chako mpaka mahindi yaishe.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, Baba na Baba Sara walikwenda Tunduma pamoja kuuza mahindi ya mwisho ya msimu uliopita. Waliporudi walikuwa na misumari mifukoni. Pale mpakani malori yalikuwa yakishusha makreti ya mbao, na makreti yakivunjika misumari inatawanyika chini. Wao wakulima, msumari hauachwi chini. Waliokota, wakagawana, wakarudi nyumbani wanacheka.

Siku ya kupukuchua ilipofika, zamu ilikuwa ya uani kwetu. Baba alikuwa ameficha kitu chini ya gunia tangu asubuhi, anatabasamu peke yake. Baba Sara akafika na kitu amekifunika kwa koti, naye anatabasamu. Baba akafunua gunia: ubao mnene, katikati una tundu la ukubwa wa hindi, na kuizunguka kingo yake kuna misumari ncha zake zikitazama ndani. Unasukuma hindi, unazungusha, punje zinamwagika, gunzi linatokea upande wa pili likiwa uchi. Baba Sara aliweka mzigo wake chini. Akaondoa koti lake. Chini yake kulikuwa na ubao, na tundu, na misumari.

Mpaka leo nashangaa kwamba hakuna aliyecheka. Sisi watoto tulitaka kushangilia, maana mbao mbili ni bora kuliko moja, lakini wale wawili walikuwa wakikagua kila mmoja ubao wa mwenzake.

"Ulipita kwangu juzi," Baba alisema. "Nilikuwa natoboa."

"Nilipita kuazima tupa," Baba Sara akajibu. "Ubao wangu ulikuwa umeshakamilika. Wewe ndiye uliyekuja kunitazama kanisani ukaniuliza nashughulika na nini siku hizi."

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

"Nimesema hivyo? Umesema mwenyewe."

Kwetu, mtu anaweza kukuchukulia kuku mkaelewana. Lakini kuitwa mtu anayechungulia akili ya rafiki yake akajitia ni yake, hilo lilikuwa jambo zito, na kila mmoja aliamini mwenzake amelifanya. Wazee wa kanisa walikuja wakawakalisha, wakauliza nani alitoboa kwanza. Hapakuwa na shahidi. Kila mmoja alikuwa amefanya kwa siri ili amshangaze mwenzake, na siri ile ile ikawakosesha ushahidi. Tangu siku hiyo hawakupukuchua pamoja. Kanisani mmoja alikaa mbele kushoto, mwingine nyuma kulia. Mama na Mama Sara waliendelea kupeana chumvi kupitia sisi watoto, kimya kimya, lakini uani kwetu hakukuwa tena na hadithi, na mimi nilimkosa Sara huku nyumba yao naiona. Vidole vyetu vilipona kwa sababu ya ubao ule. Ningerudishiwa malengelenge yangu yote, ningeyapokea.

Miaka ikaenda. Sara aliolewa Tunduma, akawa wakala wa forodha, anashinda na madereva wa malori wanaochanganya Kibemba na Kiingereza. Mimi nikasoma ukutubi, nikaajiriwa maktaba ya chuo, kazi yangu kuwasaidia walimu na wanafunzi kutafuta makala za sayansi na hataza, yaani zile haki anazopewa mtu aliyebuni kitu ili wengine wasikiige bila ruhusa. Duniani kuna hifadhi kubwa za kompyuta zenye michoro ya vitu hivyo tangu enzi za mababu.

Zamani hifadhi hizo zilikuwa kama karani mkaidi. Ukikosea neno, hakuna kitu. Ukiandika mahindi kwa neno la Waingereza, hazikupi ya Wamarekani, maana wao wana neno lao. Nyaraka za zamani zilikuwa picha tupu, kompyuta haioni kilichoandikwa ndani. Nilijaribu ubao wa Baba mara kadhaa, nikaishia kwenye mitambo mikubwa ya viwandani. Sikumwambia mtu.

Kisha hifadhi tunayoitumia ikaboreshwa. Tuliitwa kwenye semina, tukaoneshwa: sasa unaeleza kitu kwa sentensi ya kawaida, kama unavyomweleza jirani, nayo inatafuta maana badala ya neno. Karatasi za kale zimeshasomwa. Unaweza hata kuchora, ukapiga picha mchoro wako, ukaiuliza kama kuna mwingine unaofanana nao. Wenzangu walijaribu vitu vya kozi zao. Mimi nilichora ubao, tundu na misumari.

Maji ya chai yalikuwa hayajachemka majibu yalipotoka. La kwanza kabisa lilikuwa ubao wenye tundu la ukubwa wa hindi na misumari iliyotazama ndani. Aliubuni mkulima wa ng'ambo, babu yangu akiwa hajazaliwa. Chini yake kulikuwa na mwingine, na mwingine tena, wa nchi nyingine. Kila mmoja wao alikuwa amekaa mahali fulani na vidole vinavyouma, akafikiri lile lile. Niliinama mezani nikalia, na kijana wa kitengo cha kompyuta akadhani mtandao umenisumbua.

Wiki ile ile Sara akanipigia. "Mzee hali yake si nzuri," alisema. "Anauliza habari za baba yako, halafu anasema sijauliza kitu."

Nilichapa ule mchoro wa mkulima wa ng'ambo nikapanda Coaster kwenda nyumbani. Njiani nilikuwa na hofu. Baba amezeeka, na jambo analojivunia kuliko yote maishani ni ule ubao. Unamwambiaje mtu kwamba kitu chake kilikuwa na mwenyewe kabla hajazaliwa? Nilimkuta uani, nikamwamkia, nikamweleza polepole. Alivaa miwani, akautazama mchoro muda mrefu, akahesabu misumari kwa kidole.

"Kwa hiyo si yeye," alisema.

"Si yeye, Baba. Wala si wewe."

Akavua miwani. Nilijiandaa kwa hasira au machozi. "Basi tumegombania shamba la watu," alisema, akaomba fimbo yake.

Nyumba ya Baba Sara si mbali. Tulimkuta kitandani, amekonda, Sara amekaa naye. Waliamkiana kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, salamu ndefu zote, za mashamba, za watoto, za mifugo, hakuna aliyeruka hata moja. Kisha Baba akampa karatasi bila maelezo. Baba Sara aliiinua kuelekea dirishani.

"Huyu nani?"

"Mzungu. Alitutangulia sote."

Baba Sara akaangalia, akasonya. "Misumari ameiweka karibu mno. Huyu atavunja punje."

"Ndicho nilichokiona na mimi," Baba akasema, akavuta kigoda akakaa. "Na ubao wenyewe mwembamba."

Wakaendelea hivyo, wawili kwa mmoja, wakimsahihisha yule mkulima wa ng'ambo mpaka Mama Sara akaleta uji. Sara alinishika mkono tukatoka nje, kwa sababu hatukutaka watuone tunavyolia.

Tangu hapo Baba alikwenda kila siku. Walikuwa na mengi ya kusimuliana: harusi ambazo mmoja hakualikwa, misiba ambayo mwingine alisimama mbali. Baba Sara alifariki kabla mahindi ya msimu ule hayajakauka shambani.

Nimewaza mengi tangu siku hiyo. Kama enzi zetu kungekuwa na utafutaji kama huu, wale wawili wasingenuniana hata wiki moja. Lakini pengine Baba angetafuta kwanza, angeona kitu kipo, asingetoboa ubao wowote, na asingepata ile furaha ya kuficha kitu chini ya gunia tangu asubuhi. Vijana wa sasa wanajua kila kitu kimeshafanywa kabla hawajaanza. Sisi tulikuwa hatujui, tukafanya. Sijui ni akina nani wa kuonewa huruma.

Juzi nilikuwa nyumbani. Mashine ya kukodi ilikuja uani, ikanguruma, ikamaliza mahindi ya msimu mzima kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyesimulia hadithi, na kwa makelele yale asingesikika. Baba alikaa pembeni. Akaniuliza kama kile chombo cha kazini kwangu bado kinatafuta vizuri. Nikasema ndiyo, na kila mara wanakiboresha zaidi.

"Ni kizuri," alisema. "Kimechelewa tu."