Ukoo Uliotelezea Kushoto

Mtu akiniuliza nani aliniozesha, sisemi baba, sisemi pasta. Nasema ni Mokeira, binti wa mchuma chai kutoka Kisii, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi hapa Kericho na kukijua Kipsigis, lugha yetu, mpaka anatania wazee wetu.

Mwaka wa tisini na tisa alikuwa na chumba cha kompyuta juu ya duka la mbolea mjini. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuchapa barua za watu, lakini ugonjwa wake ulikuwa tovuti. Alikuwa ametengeneza moja ya aina inayoitwa wiki, yaani kila anayeifungua anaweza kuongeza maneno yake, na watu wa Sigowet walioko ng'ambo walikuwa wanaandikiana humo. Akaipachika kiprogramu cha kuchora koo zetu: jina la ukoo juu, watu wake wamepangwa chini yake.

Mimi na Kimeli tulikuwa tunangojea koito, siku ambayo wazee wa pande mbili hukaa na kuulizana koo kabla ya kupakana siagi kichwani na kukubali ndoa. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wakipendana mpaka wakonde. Kimeli ni wa ukoo wa korongo, mimi wa ukoo wa nyuki. Tatizo lilikuwa babu yangu. Yeye alichukuliwa akiwa mtoto akafanywa wa nyuki, na alikotoka, ambako pia huhesabiwa, kulikuwa na maneno maneno. Shangazi yangu wa Kiptere alisema ni kwa watu wa simba, na Mokeira akaandika hivyo.

Siku chache kabla ya koito, baba mdogo wa Kimeli akapiga simu kutoka Amerika. Huyo ni Kipchoge, mwalimu, na bila neno lake wazee wa Kimeli hawainuki.

"Nimeona kwa macho yangu," akasema. "Babu ya huyo msichana ameandikwa chini ya korongo. Hawa ni ndugu. Simamisheni."

Woi! Nililia mpaka sauti ikapotea. Halafu nikapandwa na hasira, nikakimbia mpaka kwa Mokeira.

"Wewe! Babu yangu umemweka wapi?"

Akanifungulia Netscape, brauza yake ya kusomea tovuti. Babu alikuwa chini ya simba, ametulia tuli.

"Cheptoo, acha kupiga meza yangu. Huyo mzee anatumia brauza gani?"

Ningejua wapi? Mimi nilijua chai.

Akanivuta mpaka kwenye ofisi moja iliyokuwa na brauza nyingine, Explorer, akambembeleza karani, akafungua ukurasa. Kisha akashika kichwa. Alikuwa amesukuma majina kulia kwa amri ambayo Netscape peke yake iliielewa. Explorer iliipuuza, basi watu wote walikuwa wametelezea kushoto na kurundikana chini ya ukoo wa kwanza. Na ukoo wa kwanza ulikuwa korongo.

"Ni mimi," akasema. "Nilijaribu kwenye mashine yangu tu, nikaanza kuringa."

Akarudi akapanga upya kwa jedwali, kila jina kwenye chumba chake. Tulipojaribu tena, brauza zote mbili zilisema simba. Nilimkumbatia, tukampigia Kipchoge tukamweleza kosa hilo na neno la shangazi.

"Naona," akasema polepole. "Jana korongo, leo simba. Si kila mtu anaweza kuandika humo? Mmebadilisha ili wapite. Na huyo shangazi ni wenu, lazima awatetee."

Kumbe kwa kurekebisha tulikuwa tumejifanya waongo! Niliona wazee wakipakana siagi kwa ajili ya Kimeli na mwanamke mwingine, na nikamchukia huyo mwanamke ingawa hakuwepo.

Mokeira hakubishana. Aliketi akaurudisha ule ukurasa mbovu kama ulivyokuwa.

"Umerukwa na akili?" nikamuuliza.

Akaninyamazisha kwa mkono, simu ameishika katikati yetu ili wote tusikie. "Mzee, samahani. Hebu fungua tena. Umemwona babu ya Cheptoo?"

"Nimemwona. Korongo. Ndivyo nilivyosema."

"Asante. Sasa nitafutie mama watoto, Chelangat. Yeye ni wa ukoo gani?"

"Mke wangu? Huyo ni wa jua, kila mtu anajua." Tukasikia kipanya kikibofywa, kikabofywa tena. "Ameandikwa chini ya korongo."

"Na wewe?"

"Mimi ni korongo."

"Haya basi, mzee. Mtaachana lini?"

Nyuma yake mkewe aliangua kicheko, kisha sauti yake ikaja karibu kabisa. "Cheptoo, uko hapo? Huyu atawapigia wazee sasa hivi, nimemsimamia. Mwambie mama yako aandae mursik, yale maziwa ya kibuyu ya sherehe."

Nikalia tena, safari hii kwa raha, na Mokeira akanifukuza akisema ninamlowesha kibodi.