Feni Iliyonuka Kondoo

Mwanangu, kuna alasiri moja ya Januari hapa Kitengela ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka watu wananiangalia. Joto lilikuwa kali hata nadhani kuku walikuwa wakitaga mayai yaliyochemka tayari. Nilikuwa kijana, nimemaliza masomo ya stima katika shule ya jioni juzijuzi tu, na cheti changu nilikuwa nimekitundika sebuleni mahali ambapo mgeni angekiona hata akiingia macho yamefumbwa.

Mke wangu Naserian alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Lemayian, na mama yake alikuwa ametoka Kajiado kuja kumlea. Mimi niliingia kwa Wamaasai kwa kuoa, na huko mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hamketi chumba kimoja. Basi mama akashika chumba cha kulala na mtoto, mimi nikabaki sebuleni, pazia katikati yetu, na Naserian akawa anabeba maneno yetu huku na huku.

Sasa, feni ilikuwa katika chumba kile, imening'inia darini juu ya kitanda. Ilianza kulia kidogo tu, kwi, kwi. Mimi fundi nikaamua inataka mafuta. Wao wakatoka kwenda uani, nami nikaingia. Mafuta ya mashine sikuwa nayo, lakini pale kando ya kitanda niliona chupa ya mafuta ya kondoo ambayo mama alikuwa amemletea Naserian ya kumrudishia nguvu. Nikapanda stuli, nikamimina kidogo juu ya mota. Kidogo, nasema mimi. Ingetosha kukaanga ng'ombe mzima. Nikashuka, sikumwambia mtu.

Siku mbili feni ilinyamaza, na mimi nikatembea kama waziri. Siku ya tatu ikaanza kupiga kelele za lori la mawe likipanda mlima, huku inayumba juu ya kitanda. Mtoto akikaribia kulala, anaruka, analia.

Naserian, ambaye humwita mama yake Yeyo, akatokea kwenye pazia. "Baba Lemayian, Yeyo anasema hiyo feni isiponyamaza leo, kesho tunaenda Kajiado. Yeye, mimi na mtoto. Mpaka mtoto aote meno."

Kuzima feni haingesaidia, maana chini ya mabati yale bila upepo mtoto alikuwa anatoka vipele. Nikachukua bisibisi. "Mwambie mama shida ni mota. Nitaifungua yote. Niko na cheti."

Sauti ya mama ikapita pazia, ikiongea na binti yake lakini kwa nguvu ya kutosha kunifikia mimi. "Naserian, muulize paputani," ndivyo mkwe anavyoitwa kwao, "ameangalia juu ama ameangalia cheti? Mimi nimelala chini ya hiyo kitu siku zote hizi. Inatembea kama punda amebebeshwa maji upande moja. Punda kama huyo hupasui tumbo. Unasawazisha mzigo."

Akaongeza: "Na umwambie hii nyumba inanuka kondoo, na sisi hatujachinja."

Mwanangu, Naserian alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi nilitamani dari inimeze.

Walipotoka kwenda uani nilizima swichi, nikapanda stuli, nikapitisha kidole juu ya mabawa. Mawili yalikuwa na vumbi la kawaida. La tatu! Mafuta yangu yalikuwa yametiririka juu yake, na vumbi lote la Kitengela likaja kukaa hapo. Ningeweza kupanda sukuma wiki. Nikayafuta yote matatu kwa kitambaa na maji ya sabuni, nikayakausha, nikakaza skrubu zilizolegea kwa kuyumba. Mota sikuigusa.

Nikawasha. Feni ikazunguka kimya, upepo tu. Lemayian akalala mpaka jioni.

Mama alikaa nasi miezi mitatu. Siku ya kuondoka nilisimama mbali, nimeinamisha kichwa kwa heshima. Alipofika langoni akamwambia Naserian, bila kunitazama, "Paputani ni fundi. Sasa punda wake anatembea."

Nina vyeti vingine tangu hapo. Hakuna kinachozidi hicho alichonipa mama.

Kwa hivyo nisikilize. Kitu kikipiga kelele nyumbani mwako, zima kwanza, kisha tazama lililo jepesi: vumbi, skrubu, bawa lililolemewa. Usikimbilie kupasua tumbo. Muulize anayelala chini yake, maana ndiye anayeijua sauti yake. Na ukiharibu, sema mapema. Harufu itakusema.

Enkai, Mungu wa wakwe zangu, akupe nyumba yenye upepo mtulivu, mtoto anayelala mchana, na mama mkwe wa kukurekebisha kupitia pazia. Uishi hata wajukuu wako wakuletee feni zao.