Mayai ya Membe

Kama umewahi kukaa ughaibuni, mji kama Stafford, bila gari, unajua mchana wake ulivyo mrefu. Binti yangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini hospitali, mwanawe shuleni, nami nabaki na ngurumo ya friji. Basi Jumamosi moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, aliposema twende ufukweni Galveston, nilivaa viatu kabla hajamaliza kusema.

Tulikuta kamba imezungushwa mchangani. Ndani yake membe, wale ndege weupe wa bahari wenye utosi mweusi, walikuwa wamelalia mayai. Mlinzi wao, kijana mwenye kofia, alitusemesha, na mjukuu wangu akanitafsiria: "Babu, anasema tusikae hapa. Mama ataruka, halafu jua litapika mtoto ndani ya yai."

Nilikuwa nikiyajua maneno hayo tangu utotoni.

Kwetu kulikuwa na kisiwa cha mawe, mbali na pwani, ambako membe walitaga kila mwaka. Jirani yetu, fundi wa mitumbwi, ndiye aliyekuwa akivuka kuokota mayai, na mimi nikimsaidia. Bibi yangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, alinionya kila safari: "Mume wangu, penye mawili chukua moja, penye moja pita. Wala usikae chini. Ukikaa, unawapikia wenzio watoto." Nikirudi aliyakaanga kwa mafuta ya nazi, yananukia samaki kwa mbali, huku akinicheka: "Mume gani huyu, anaposa kwa mayai matano?"

Mwaka mmoja jirani alishikwa na homa. Nikachukua mtumbwi wake bila kumwambia, nikaenda na wenzangu wawili. Tuliogelea, tukawasha moto, tukala mayai, tukalala kwenye kivuli cha jabali. Ndege walizunguka juu yetu wakilia mchana kutwa. Tuliona ni mchezo.

Baadaye watu walikuta majivu na mayai yaliyooza, kiota baada ya kiota. Mtumbwi ulikuwa umeonekana kule, na mwenyewe alijulikana; homa wakaiita kisingizio. "Tamaa gani hii, mzee mzima?" walimwambia barazani. Hata bibi aliacha kumpelekea uji. Jirani alinitazama mimi, akangoja. Nikainamisha kichwa kwenye bakuli langu la uji.

Alihamia kwa nduguze, akafia huko. Mwaka uliofuata membe hawakuja, wala uliofuata huo. Bibi alikufa akiamini ni jirani. Kisiwa kimebaki mawe na mavi makavu.

Mjukuu alinivuta mkono, akaniuliza kama tunakwenda kula. Nikamwambia, "Tangulia na mama, nakuja."

Walipofika mbali nilisema, taratibu, yale yaliyonipasa kuyasema barazani: mtumbwi niliuchukua mimi. Karibu na kamba membe mmoja akainua kichwa, akanyanyua mbawa.

Nikarudi nyuma upesi, asije akaruka.