Mpaka Tutolewe

Kaka yangu Jarlath alizikwa Jumamosi ya pili ya Agosti, na kwa siku mbili za mkesha hakuna mtu aliyekunywa chai nyumbani kwetu, hata kikombe kimoja. Huku Connacht, jimbo la magharibi mwa Ireland, mtu anaweza kufa bila daktari, hata bila wosia, lakini hafi bila chai. Wengi wamelisimulia jambo hili wakicheka. Mimi nimeona niliandike lilivyokuwa, maana nina sehemu yangu ndani yake, na sehemu hiyo sijaipeleka bado kwenye kitubio.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuoa, nami sikuolewa, tukabaki wawili katika nyumba ya wazazi. Kwa miaka thelathini na minane alifanya kazi ya barabara za kaunti, kuziba mashimo na kufyeka kingo, na katika kikosi chao cha watu watano yeye ndiye aliyewasha moto kando ya njia na kuchemsha chai. Wenzake walisema barabara za Jarlath zilikuwa mbovu, lakini chai yake ungeweza kupitisha lori juu yake. Mwenyewe alikunywa vikombe kumi na vinne kwa siku, kwa maziwa na vijiko viwili vya sukari.

Zaidi ya chai alimpenda Mungu na timu ya kaunti yetu. Jina la kaunti silitaji, majirani wameshatucheka vya kutosha. Kombe la jimbo mara ya mwisho tulilichukua baba yetu akiwa kijana asiye na ndevu. Tangu hapo, kila Mei tulicheza mechi moja ya mpira wa Kigaeli, ule wa miguu na mikono, tukafungwa, tukarudi nyumbani kukata nyasi. Mashindano yenyewe hayana huruma: ukifungwa mara moja, umetolewa.

Basi Jarlath akabuni nadhiri yake. Sisi wengine tuliacha kitu tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka. Yeye aliacha "mpaka tutolewe." Alitamka maneno hayo kila mwaka, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso. Ilisikika kama sadaka kubwa, kwa kuwa ilivuka Pasaka, lakini ilizidi ya kwetu kwa wiki tano au sita tu. Mwaka mmoja aliacha jemu. Mwingine aliacha siagi. Mwaka uliotangulia huu aliacha ndizi, na kaka yangu hakuwahi kula ndizi tangu azaliwe.

Padre Canice alilijua hilo. Jumapili moja kabla ya Kwaresima alihubiri juu ya sadaka, akaegemea mimbari na kusema, "Wapo wanaomtolea Mungu ndizi." Kanisa zima likageuka kutazama benchi letu.

Nje, Jarlath alikuwa mwekundu kama kaa la moto.

"Chai," akasema.

"Chai imefanya nini?" nikamuuliza.

"Mwaka huu naacha chai. Mpaka tutolewe."

Packie Joe Scanlon, jirani yetu na mwenzake wa barabarani, alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Bwana wee, utakufa!"

"Mei tunacheza na mabingwa. Watatutandika kabla hatujafunga kamba za viatu. Mtu hafi kwa miezi mitatu."

Siku ya Mtakatifu Patrick, ambayo kwa desturi yetu Kwaresima hufunguliwa kwa siku moja, alikunywa vikombe kumi na tisa. Baada ya hapo akaufunga tena mdomo.

Mei ikafika, tukacheza na mabingwa, tukawashinda kwa pointi moja. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Mpira uligonga mlingoti, ukamgonga mtu wao mgongoni, ukaingia, na goli ni pointi tatu. Katika basi la kurudi watu waliimba hadi vioo vikatetemeka. Jarlath hakuimba. Nyumbani aliweka birika jikoni, akasimama akilitazama, kisha akaliondoa kabla halijachemka.

Packie Joe akaenda kusimulia baa, na kufikia Jumanne kaunti nzima ilijua kwamba hatukushinda kwa miguu ya wachezaji, tulishinda kwa koo kavu la Jarlath McGoldrick. Alipokwenda dukani kwa Concepta, yule mama aliweka mkono juu ya pakiti.

"Majani ya chai? Ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Basi aje mwenyewe nimwone."

"Concepta, nimekuwa mteja wako miaka thelathini!"

"Na miaka yote hiyo tulikuwa tunafungwa, kaka. Chukua biskuti."

Mwezi Juni tukashinda nusu fainali kwa pointi nne. Kocha akatuma wachezaji wawili waje jioni kumsalimia. Walikuwa vijana wakubwa kama milango. Walikaa jikoni kwetu muda wa saa mbili bila neno la maana, wakinusa hewa. Mmoja wao alipoomba kwenda msalani, nilimwona akifunua kopo la taka na kuchungulia kama kuna majani yaliyotumika.

Jarlath alikonda. Kichwa kilimuuma, mikono ikatetemeka, na bado kila siku kando ya barabara aliwachemshia wenzake ile chai, akawamiminia, akasogea upande usio na mvuke. Mwishowe alikwenda kwa Padre Canice kuomba afunguliwe nadhiri. Nilikwenda naye, niliyasikia yote.

"Uwezo wa kukufungua ninao," padre alisema. Alikuwa amechezea kaunti ujanani, na picha ya timu yake ilining'inia ukutani, chini kidogo ya ile ya Moyo Mtakatifu. "Ila fainali ni Jumapili ijayo, mwanangu. Njoo Jumatatu."

"Padre, ni wewe uliyesema habari za ndizi."

"Ndiyo. Na sasa hebu tazama Mungu anavyojibu."

Fainali ikaisha sare, ikawekwa marudiano baada ya wiki mbili. Jumatatu Jarlath alirudi kwa padre, akakuta mlango umefungwa na barua imebandikwa: Padre ameenda mafungo.

Nafika sasa kwenye sehemu yangu.

Jumatano kabla ya marudiano alikaa mezani, mikono chini ya mapaja ili isitetemeke.

"Attracta," akasema, "ukinimiminia kikombe ukakiita supu, Mungu atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu simwogopi, ni mwenye huruma. Packie Joe je?"

Tulicheka sana. Kisha nikaona macho yake hayacheki. Nikainuka, nikafunga pazia, nikatengeneza chai, nzito kama alivyoipenda, nikatia maziwa na vijiko viwili. Nikageuka nimpe. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, lakini moyoni nilikuwa na kombe. Nilimwona baba yetu, aliyekufa akingoja. Nikajiona mimi mwenyewe Jumapili, nikipiga makofi. Nikageuka tena, nikakimwaga kikombe kwenye sinki.

Jarlath aliisikia ikishuka. "Vyema, dada," akasema. "Ahadi ni deni." Akaenda kulisha kuku.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya nadhiri. Nilifanya kwa ajili ya mpira.

Siku ya marudiano, wakati wa mapumziko, bibi mmoja wa upande wa wapinzani aliyekaa mbele yetu alifungua chupa yake ya chai. Alipomwona Jarlath anavyomtazama, akamhurumia, akamnyooshea kikombe. "Kunywa, baba, una sura ya maiti." Watu mia mbili wa upande wetu waliacha kutafuna mikate yao.

"Asante, mama," Jarlath akasema. "Daktari amenikataza."

Padre Canice, safu mbili nyuma yetu, akafanya ishara ya msalaba. Mafungo yalikuwa yamemwisha mapema.

Kipindi cha pili wapinzani walipofunga goli, nilimwona kaka yangu akiruka mikono juu, kwa furaha kabisa, kisha akakumbuka yeye ni wa wapi, akajifanya anafukuza nyigu. Sikumlaumu. Hata hivyo tulishinda, kwa pointi mbili. Watu wazima waling'oa majani ya uwanja wakayatia mfukoni. Jarlath alilia, na katika uwanja ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba machozi yale yalikuwa ya namna mbili. Maana bingwa wa jimbo hajatolewa. Bingwa wa jimbo anakwenda Dublin, kucheza nusu fainali ya nchi nzima. Wiki mbili nyingine.

Alikufa Alhamisi, siku tatu kabla ya mechi hiyo. Nilikuwa nje naanika nguo. Nikasikia birika likipiga mluzi, na likaendelea kupiga. Nilipoingia alikuwa kwenye kiti chake, ameegemea ukuta, na mezani palikuwa na kikombe kimoja, changu, kimeshatiwa maziwa. Daktari alisema ni moyo, kwamba ulikuwa mbovu kwa miaka na chai haikuhusika. Namwamini mchana.

Tukamlaza sebuleni, rozari mikononi. Watu walikuja kutoka kaunti nzima. Kocha alikuja, na wale vijana wawili, wakalia kama watoto. Majirani walileta mikate na keki. Nami nikachemsha masufuria matatu ya chai, nikapita na sinia.

"Hapana, asante, Attracta."

"Niko sawa, mama."

"Labda maji tu. Ya moto. Na maziwa kidogo."

Nilizunguka sebule nzima, kila kikombe kikabaki. Nikasimama karibu na miguu ya marehemu.

"Jamani, kunyweni! Nadhiri ilikuwa yake, si yenu. Na yeye ndiye huyu hapa!"

Packie Joe akaja akanishika bega. Alikuwa amelia mpaka pua imevimba.

"Attracta, usikasirike," akaninong'oneza. "Hatujatolewa."

Nilimtazama Padre Canice. Alikuwa anasoma kitabu chake cha sala kwa bidii sana, na mkononi alikuwa na bilauri ya maji ya moto.

Tulimzika Jumamosi. Jumapili, Dublin, tulifungwa kwa pointi kumi na tisa. Wanasema mapumziko yalipofika ubao wa matokeo ulikuwa kama kosa la uchapaji. Mimi sikwenda. Nilikaa na redio, na kila walipotufunga nilisema, "Bado, Jarlath, karibu."

Jumatatu baada ya Misa nilijaza chupa ya chai nikaenda makaburini. Nilitaka niwe peke yangu naye. Nilitaka nimwambie habari ya lile sinki, ingawa aliijua. Lakini nilipofika langoni nilinusa, na nilipokaribia nikaona udongo mpya umelowa, umekuwa wa kahawia, unatoa mvuke kidogo katika baridi ya asubuhi. Vikombe vilipangwa kuzunguka kaburi lote, vya maua, vya bati, na kimoja chenye nembo ya timu. Concepta alikuwa ameacha pakiti nzima ya majani. Nyuma ya ukuta Padre Canice alikuwa anafunga kifuniko cha chupa, akajifanya anakagua mawe.

Nikapiga magoti kwenye tope lile la chai. Nilisema niliyokuwa nimeyabeba, kwa sauti, padre akisikia au asisikie. Kisha nikafungua chupa yangu, nikaimimina polepole, upande wa kichwa.

"Tumetolewa, Jarlath," nikasema. "Kunywa."

Nikasikia nyayo. Packie Joe alikuwa amesimama nyuma yangu, birika la kikosi cha barabara mkononi, jeusi kwa moshi.

"Umetia sukari?" akauliza.

"Viwili. Kama kawaida yake."

Akatikisa kichwa, akachutama kando yangu, akatoa kijiko mfukoni.

"Ulipokuwa unamtazama, ndiyo," akasema. "Huku barabarani alikuwa anatia vinne."