Arobaini ya baba niliisomea peke yangu kwenye kaburi la Guangzhou

Wakuu, habari za mchana.

Hii sijawahi kumsimulia mtu, hata wife hajui. Sijaongeza chumvi. Ikikuboa pita tu, hatutagombana.

Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa Guangzhou. Nalala mtaa wa Xiaobei, nanunua viatu vya jumla soko la Zhanxi. Baba akafariki Tanga wakati passport yangu iko kwa watu wa viza. Sikwenda kuzika, na mimi ndiye mtoto wa kwanza.

Nikajiapiza kwamba arobaini haitanipita. Nikawaalika Wabongo wanane tukasome hitma pamoja. Wote wakasema inshallah.

Siku yenyewe, Jumanne, kontena likafika mapema, wote wakaenda kwenye loading. Siwalaumu, meli haisubiri msiba wa mtu. Lakini iliniuma.

Nikaenda peke yangu na mfuko wa tende.

Mahali penyewe wengi mliokaa kule mmepapita tu. Ni nyuma ya bustani, si mbali na barabara ya Guangyuan. Ijumaa panajaa watu, siku nyingine meiyou, hakuna mtu. Unafuata kijia cha mianzi, unapita makaburi ya zamani yenye maandishi ya Kiarabu na Kichina, unakuta chumba kidogo cha mraba chenye kuba juu, staili ya Kihindi kabisa. Waislamu wa kule wanaamini humo kalala sahaba wa Mtume. Wasomi wanabishana, waacheni wabishane.

Ndani hamuenei watu wengi. Lile kuba linarudisha sauti, ukisema neno linakuzunguka kichwani.

Nilimkuta mtunzaji mmoja, Mchina wa makamo mwenye kofia nyeupe. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamweleza kwamba baba amekufa, leo siku ya arobaini. Akaweka ufagio chini, akaja kukaa nyuma yangu bila kuombwa.

Nikasoma Yasini. Nikaingia kwenye dua, kwa Kiswahili, na yeye akawa anaitikia "amina" kila nikivuta pumzi. Haelewi hata neno, lakini anaitikia.

Sasa kwetu, tulivyolelewa, marehemu kwenye dua hutajwa kwa jina la mama yake. Nikasema, "Mola, msamehe mja wako Omari bin..."

Nikakwama.

Bibi mzaa baba alifariki baba akiwa mdogo sana. Nyumbani akitajwa ni "mama yake Omari", basi. Mimi nilikuwa najua bei ya kila size ya raba pale Zhanxi, jina la bibi yangu silijui. Mchina wa watu yuko nyuma anangoja kuitikia.

Nikatoka nje kupiga simu nyumbani. Tanga ilikuwa bado asubuhi, nikasikia masufuria na watu wakisalimiana. Akapokea mdogo wangu Mwanaidi. Nikamuuliza jina la bibi.

"Kaka, hata makaburini walikwama hapo hapo. Tukakupigia, hukupatikana. Tulijua wewe mkubwa unalijua. Mwisho ustadhi akamwita bin Hawa."

Kwa wasiojua: mtu asiyejulikana mama yake huitwa mtoto wa Hawa, mama yetu sote. Si kosa. Lakini baba yangu, mtu aliyezikwa na mtaa mzima, alishushwa kaburini kama mtoto wa kuokotwa. Na hata ile simu ningeipokea, nisingewasaidia kitu.

Nikakaa kwenye ngazi nikalia, wakuu. Mtu mzima kabisa.

Kisha nikarudi ndani, nikasema "Omari bin Hawa", yule bwana akaitikia amina. Tukala tende, wawili tu. Nyingi zilibaki.

Nikatembea kwa miguu mpaka Xiaobei. Mtu wa kwanza niliyekutana naye akaniuliza kama kuna mzigo mpya wa sandals.

Tangu nirudi Bongo nimewauliza wazee wote wa ukoo waliobaki. Hakuna anayekumbuka.

Funzo langu ni moja: kama mzazi wako yupo, mpigie leo umuulize mama yake aliitwa nani, na uandike mahali.

Halafu njoo utaje hapa chini jina la bibi yako mzaa baba. Bila kumuuliza mtu kwanza.